Plau ikigonga roketi: la kufanya na la kuacha

Plau ikigonga jiwe hutoa mlio mkavu, maksai wakayumba kidogo na kuendelea. Ikigonga chuma kilichozikwa, mlio huwa mrefu, kama sufuria iliyopigwa na mwiko, na mara nyingi chuma chenyewe huibuka kwenye tuta: kichwa kinene chenye ncha, shingo nyembamba, kutu nyekundu. Mambo mengi huamuliwa katika sekunde kumi zinazofuata. Mwongozo huu unaanzia hapo, kisha unaingia katika saa na siku za baadaye.

Tumewaandikia wakulima, wachoma mkaa, wafyatua matofali, wanunuzi wa skrepu, walimu na wenyeviti wa LC1 (baraza la kijiji) wa Acholi, Lango, Teso na West Nile, pamoja na wale wa Kasese na Bundibugyo ambako waasi wa ADF walipigana tangu 1996. Desemba 2012 Uganda ilitangaza kwamba imemaliza kusafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Watu wengi walisikia tangazo hilo wakadhani kila kitu kimekwisha. Lililokwisha ni maeneo ya mabomu ya kutegwa yaliyokuwa yakijulikana. Roketi iliyorushwa porini mwaka 1997 ikazama kwenye tope haimo kwenye ramani ya mtu yeyote. Itaonekana siku mtu atakapolima pale.

Kitu chenyewe kilivyo

Kinachokutwa mara kwa mara ni roketi ya RPG-7, silaha ya bega iliyoanza kutumika katika jeshi la Kisovieti mwaka 1961 ili askari wa miguu aweze kupiga kifaru. Imeenea Afrika nzima. Askari hubeba bomba lenye kipenyo cha milimita 40, na roketi hukaa mbele ya bomba, kichwa kikiwa nje kwa sababu ni kinene kuliko bomba lenyewe. Kichwa cha aina ya kawaida kina kipenyo cha milimita 85, karibu sawa na mdomo wa kikombe cha chai. Nyuma yake kuna mrija mwembamba wenye injini, na mkiani kuna mapezi manne yanayofunguka ikiwa hewani. Ikiwa kamili haifiki mita moja, na uzito wake ni kilo mbili na ushee.

Ila usitegemee kuikuta kamili. Ikikaa ardhini miaka ishirini, rangi ya kijani hubanduka, mapezi huvunjika au kukunjwa na mizizi, na mrija unaweza kukatika kabisa. Kinachobaki ni kitu kama kibuyu kidogo chenye ncha, kimevaa udongo, kizito kuliko kinavyoonekana. Wakati mwingine kichwa ndicho kilichozama na mkia umesimama juu kama kisiki cha bomba la maji. Huo watoto huuona haraka kuliko wakubwa, kwa kuwa unafanana na kitu cha kung'oa.

Kuna aina nyingine ambayo huwadanganya hata watu wazima waliowahi kuishi karibu na kambi: bomba la kutumia mara moja na kutupa, roketi ikiwa ndani tangu kiwandani. Kwa nje, bomba lililokwisha kurusha na ambalo bado lina roketi huweza kufanana sana, hasa likijaa udongo. Usilitazame kwa ndani, usilitikise, usilifanye mguu wa benchi. Lihesabu kuwa na roketi mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Makombora ya kuongozwa ni jamii nyingine. Roketi ya RPG ikishatoka inakwenda ilikoelekezwa, basi. Kombora la kuongozwa hurekebishwa likiwa njiani, na aina nyingi za zamani, kama Malyutka na Metis za Kisovieti au Eryx ya Ufaransa, hufanya hivyo kwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea unaofunguka nyuma ya kombora kwa mamia ya mita. Kwa mkulima, la muhimu ni moja tu: ukikuta waya mwembamba umelala majanini porini, usiuvute kujua unakoishia. Huenda ni waya wa kombora. Huenda pia ni waya wa mtego. Namna ya kutofautisha haikuhusu, kwa sababu katika hali zote mbili unarudi nyuma.

Kwa nini ile ambayo haikulipuka ni mbaya zaidi

Watu husema, "Ingekuwa ya kulipuka, ingelipuka siku ile." Kauli hiyo imewakata watu mikono, na inafaa kuelewa kosa lake liko wapi.

Roketi mpya iliyo kwenye sanduku ina vizuizi ndani ya fyuzi, yaani kiwashio cha mlipuko, vinavyoizuia isilipuke ikianguka mikononi mwa askari. Ikirushwa, vizuizi hivyo huondoka vyenyewe ikiwa hewani, umbali mfupi tu kutoka kwenye bomba. Kwa hiyo roketi uliyoikuta shambani imekwisha kuvuka hatua zote za usalama isipokuwa ya mwisho, ambayo ni kugongwa. Ilitua kwenye tope laini, au iligonga tawi ikapinda, au iliteleza ardhini kwa ubavu, ndiyo maana haikulipuka. Aina ya kawaida imetengenezwa ijilipue yenyewe sekunde nne na nusu hivi baada ya kurushwa ikikosa shabaha, lakini kilichobuniwa kiwandani na kinachotokea porini si kitu kimoja.

Ncha yake ina kipande cha kauri maalumu ambacho kikibanwa ghafla huzalisha umeme. Wengi hawajui hilo. Redio yako ikikaa kabatini miaka mitatu, betri hufa. Hii haina betri ya kufa. Umeme wake huzaliwa papo hapo kwa pigo, iwe ni pigo la mwaka 1998 au la jembe lako leo. Kutu nayo haiipunguzii ukali, huifanya tu isitabirike.

Ndani ya kichwa kuna kilipuzi kilichozunguka faneli ya shaba. Kikilipuka, faneli hiyo hubanwa ikawa mchirizi wa chuma wenye kasi kubwa unaoelekea mbele na unaoweza kupenya zaidi ya sentimita 20 za chuma kigumu. Ukuta wa matofali ya udongo hauna maana mbele yake. Vipande vya ganda la nje hutawanyika pande zote. Mkiani kuna injini ambayo, kama haikuungua yote, inaweza kuwaka na kuirusha roketi pasipojulikana. Kwa hiyo hakuna upande wa kusimama salama karibu nayo: mbele pana mchirizi, nyuma pana injini, ubavuni pana vipande.

Umeiona. Simama.

Simama kabisa, hata mguu uliokuwa umeinuka uurudishe pale ulipotoka. Wasimamishe ng'ombe kwa sauti, usiwavute kwa kamba upande. Waambie walio nawe neno moja wanaloelewa wote, "Simameni!", kabla ya kueleza chochote. Kwenye kundi la awak, ambapo watu ishirini wanalima safu moja, anayeona asipige mayowe ya hofu, kwani wenzake watakimbilia alipo kuja kuangalia.

Kisha tazama ulipo. Mahali penye roketi moja mara nyingi palikuwa na mapigano, na penye mapigano huwa pana vingine: risasi za mzinga, gruneti, mabomu ya mota. Angalia miguuni kwanza, halafu hatua mbili mbele yako, halafu pande zote.

Rudi ulikotoka, ukikanyaga nyayo zako mwenyewe au mfereji ambao plau imekwisha kupita. Usikate njia ya mkato kuelekea nyumbani. Kama nyayo hazionekani na una shaka kwamba pana mabomu ya kutegwa, baki ulipo, piga kelele ya kuomba msaada, na umzuie yeyote asikufuate. Kusimama juani kwa muda wa saa tatu ni adha, ila watu hupona adha.

Plau iliyokwama kwenye chuma iache hapohapo. Fungua nira kama unaweza kufanya hivyo bila kuitikisa plau. Kama huwezi, waache ng'ombe na uondoke. Tunajua bei ya maksai wawili. Bado waache.

Nenda angalau mita 100, na ikiwezekana nyuma ya kichuguu kikubwa au mteremko wa ardhi. Mita hizo 100 ndiyo hatua ya kwanza tu, kwa maana vipande vya chuma vinaweza kuruka mamia ya mita. Watoto wapeleke mbali zaidi. Ukifika huko ndipo upige simu. Usipige ukiwa umeinama juu ya kitu, wala usirudi kupiga picha nzuri zaidi. Picha ikiwa lazima, ipigwe kabla hujarudi nyuma, kutoka pale uliposimama mara ya kwanza, kwa kukuza, mara moja. Isiyoonekana vizuri inatosha, kwa sababu mtaalamu ataiona kwa macho yake.

Tunarudia kosa moja kwa sababu ndilo linalofanywa na watu wema: kuiondoa ili isiwadhuru watoto. Mtu huiweka kwenye ndoo yenye mchanga, au huitupa chooni au kisimani, au huifunga kwenye gunia nyuma ya bodaboda aipeleke polisi. Barabara ya marumu kutoka kijijini hadi makao ya sabukaunti ina mashimo yasiyohesabika, na kila shimo ni pigo. Kituo cha polisi nacho hakina mahali pa kuiweka. Wanaokuja kulipua hupendelea kuilipua palepale ilipolala, hivyo kuihamisha hakumsaidii yeyote.

Alama

Weka alama pale uliposimama, usiizungushie roketi yenyewe. Duara zuri la mawe kuzunguka kitu linaonekana kazi safi, lakini kulitengeneza kunamaanisha ulitembea pande zote za kitu hicho.

Tumia kilicho juu ya ardhi. Funga kitambaa chekundu, au kipande cha gunia, kwenye mti uliosimama kando ya njia, usawa wa macho ya mtu mzima. Lundika mawe uliyoyaokota njiani, si porini. Usipigilie kijiti ardhini. Huko vijijini watu wana alama zao za siku nyingi, kama majani yaliyofungwa fundo, matawi mawili yaliyopishana au kopo juu ya mti, na zote zinafaa ilimradi kijiji kizima kinajua maana yake. Vikosi vya kutegua mabomu hutumia mawe yaliyopakwa rangi, upande mwekundu ukielekea penye hatari na mweupe penye usalama. Ukiyakuta popote, jua uko upande gani kabla ya kupiga hatua.

Kila njia inayofika pale iwe na alama yake, si ile uliyopita wewe peke yake. Mama anayetoka kisimani hajui ulikuja kwa njia ipi. Kama njia ya maji inapita karibu, mwenyekiti atangaze njia nyingine jioni ileile, na watu wawili wakae mbali kuwazuia wapitaji na wachunga mbuzi.

Kuripoti

Mwambie mwenyekiti wa LC1, naye au wewe mpigie polisi. Namba za dharura ni 999 na 112. Polisi huwasiliana na wataalamu wa mabomu wa polisi au jeshi. Kwa upande wa serikali, shughuli za mabomu ya ardhini na mabaki ya vita zimekuwa chini ya Uganda Mine Action Centre katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Huhitaji kujua nani atakuja. Unahitaji kusema mambo ambayo yatawawezesha wafike mahali sahihi bila kupotea.

Taarifa nzuri inafanana na hii:

"Afande, nimeona kitu kama roketi. Ni kijiji fulani, parishi fulani, sabukaunti fulani. Kimelala juu ya ardhi, ncha inaelekea mto. Urefu ni kama kutoka kiwiko hadi vidole. Plau yangu imekigonga leo saa tatu asubuhi. Hakuna aliyekishika. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye mti wa yaa kando ya njia ya shule. Nyumba ya karibu iko umbali wa kama viwanja viwili vya mpira. Nitawangoja barabarani niwaonyeshe."

Sentensi ya plau ndiyo ambayo watu huificha. Usiifiche. Roketi iliyogongwa, iliyohamishwa, iliyopitiwa na moto au kuchezewa na watoto, mtaalamu huikaribia kwa namna nyingine kabisa. Ukimwambia "hakuna aliyeigusa" ilhali mwanao aliivuta mkia jana, umemdanganya mtu atakayelala kifudifudi kando yake.

Kuna hofu nyingine ambayo haisemwi hadharani: anayeripoti ataulizwa nani aliileta, au ataonekana alikuwa na waasi. Kukaa na silaha au risasi bila leseni ni kosa. Kuripoti ulichokiona ardhini na kukiacha hapohapo ni jambo jingine, na ni rahisi zaidi kulieleza mkienda wawili, wewe na mwenyekiti au rwot kweri (kiongozi wa jadi wa mambo ya kilimo) wa eneo, na jambo likaandikwa kwenye daftari la kijiji siku hiyohiyo pamoja na saa. Ukikuta ghala lililofichwa, mathalani shimo lenye turubai, magaloni au masanduku, usifunue hata pembe moja. Maficho ya silaha yanaweza kuwa yametegwa.

Wakichelewa, na huchelewa, hasa mvua zikikatiza barabara, kumbusha kila baada ya siku mbili au tatu na uandike jina la kituo ulichopigia. Kagua alama kutoka mbali. Kitambaa hupauka kikawa cheupe baada ya wiki kadhaa za jua, na nyasi hukua zikaficha mawe. Alama iliyofifia ni mbaya kuliko kutokuwepo, kwani watu huamini hatari imekwisha.

Moto na chuma chakavu

Kati ya Desemba na Machi nyasi zikikauka, watu huchoma pori kwa ajili ya kuwinda au kupata malisho mapya. Moto unaopita juu ya roketi unaweza kuilipua mara moja, au ukaichemsha bila kuilipua na kuiacha katika hali mbaya zaidi. Usichome kwa makusudi "ili ilipuke yenyewe". Hutajua kama imelipuka, imeungua, au inakungoja. Baada ya pori kuungua ndipo vitu vingi huonekana, na ndipo watoto huingia kutafuta panya wa porini. Wiki hiyo ndiyo ya kuwakumbusha, si mwanzo wa muhula.

Jiko la nje, shimo la taka na tanuri la mkaa ni hatari ya kimyakimya. Joto hushuka ardhini, na kitu kilichozikwa kidogo tu chini ya majivu huweza kulipuka siku ya tano ya tanuri kama vile siku ya kwanza. Kama eneo lilikuwa kambi ya wakimbizi wa ndani au detachi (kambi ndogo) ya jeshi, chagua mahali ambapo watu wamekuwa wakipikia miaka yote bila tatizo. Wafyatua matofali na wachimba mchanga wa kingo za mito wajue pia kwamba mafuriko huhamisha vitu: kingo iliyokuwa safi msimu uliopita haina cheti.

Skrepu inahitaji maneno makali kidogo. Chuma hupimwa kwa kilo, shaba bei yake ni nzuri, na kijana mwenye njaa anajua kwamba ndani ya kichwa kile kuna shaba. Kujua huko ndiko kunakoua. Mnunuzi akitangaza kwamba hapokei chochote chenye ncha nene, mapezi, ganda la risasi kubwa au bomba lililozibwa pande zote mbili, anafunga soko, na soko likifungwa watoto hawaendi kutafuta. Ukikuta kitu hicho tayari kimo kwenye lundo lako, usimwage gunia, usikitoe. Zima grainda, funga mitungi ya gesi kama iko mbali nacho, toa watu wote, kisha piga simu. Kibali chako cha biashara utakijadili baadaye.

Kabla ya kufungua ardhi iliyolala

Watu wanaorudi kwenye mashamba yaliyoachwa tangu wakati wa kambi hufanya vizuri kuuliza kabla ya kununua hata mbegu. Waulize wazee, wawindaji, wachunga ng'ombe na wanaokusanya kokwa za yaa, kwa kuwa hao hutembea sehemu ambazo mkulima hafiki. Maswali ni machache: detachi ilikuwa wapi? Askari walichimba mahandaki upande gani? Gari lilivamiwa kona ipi ya barabara? Kuna mnyama aliyewahi kulipukiwa? Kuna sehemu ambayo watu huikwepa bila kusema kwa nini?

Swali la mwisho hutoa majibu bora. Kichaka kinene katikati ya mashamba yaliyolimwa, kisichokatwa kuni, hakikuachwa bure.

Majibu yakileta shaka, eneo lisilimwe mpaka litazamwe na wataalamu. Usijaribu kulichunguza kwa fimbo ya chuma, kwa kupitisha ng'ombe mbele, wala kwa trekta la kukodi. Dereva wa trekta aambiwe ukweli kabla ya kupanda usukani. Anza kulima upande ambao umekuwa ukilimwa na kupitwa kila msimu, na acha ukingo mpana kuelekea upande wenye shaka.

Shuleni, watoto wafundishwe umbo, si majina. Hawahitaji kujua neno RPG. Wanahitaji kujua kwamba kitu cha chuma kisichojulikana hakirushiwi mawe, hakifungwi kamba, hakipelekwi kwa mwalimu. Tumia picha au michoro ubaoni. Usilete darasani ganda halisi hata kama limeambiwa ni tupu, kwa maana somo watakaloondoka nalo ni kwamba mwalimu alilishika na hakufa.

Ikilipuka

Usimkimbilie majeruhi. Ni agizo gumu, hasa akiwa ndugu yako, lakini panapolipuka kimoja panaweza kuwa na cha pili. Mwite kwa jina, mwambie asitembee, na kama ana fahamu mwambie abane jeraha kwa mkono wake mwenyewe. Mwendee kwa njia aliyopita yeye au iliyo wazi kwa uhakika, ukitazama kila unapokanyaga. Mtu mmoja aende, wengine wabaki.

Damu ndiyo ya kwanza. Bana jeraha kwa kitambaa safi na uzito wa mwili wako wote. Kama damu inaruka kutoka mkononi au mguuni na kubana hakuizuii, funga mshipi wa kitambaa upana wa vidole viwili au vitatu, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, usifunge juu ya goti wala kiwiko. Kamba nyembamba au waya hukata nyama na haizuii damu vizuri. Ingiza kijiti kwenye fundo, kizungushe mpaka damu isimame, kisha kifunge kisirudi. Itauma sana, na ikiuma ndiyo inafanya kazi. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wake kwa kalamu au masizi. Usilegeze njiani kwa huruma. Atakayeilegeza ni mganga wa hospitali.

Kitu kilichochoma jichoni au tumboni usikichomoe. Jicho lifunike bila kulikandamiza. Usimpe chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji upasuaji. Mfunike, hata kama ni mchana wa jua, kwa sababu aliyepoteza damu hupoa. Mlaze kwenye gari au pikapu kama ipo. Bodaboda iwe chaguo la mwisho, na akae katikati ya watu wawili. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kuzuia damu na kumwekea dripu, lakini upasuaji mkubwa unahitaji hospitali kama Lacor au ya rufaa ya Gulu. Hospitali ya rufaa ya Gulu ina karakana ya viungo bandia, jambo ambalo familia nyingi huchelewa kulijua.

Siku ya kulipua

Kikosi kikifika, mkabidhi kiongozi wake taarifa yote, ujibu anayouliza, kisha uwe mtu wa kuelekezwa. Wataamua umbali wa watu kukaa, na mara nyingi utakuwa mkubwa kuliko mlivyotarajia. Mwenyekiti apite nyumba kwa nyumba, si kutuma ujumbe, na ahesabu wazee, wagonjwa na watoto waliokwenda malishoni. Mifugo ihamishwe au ifungwe mbali. Madirisha na milango iachwe wazi, na asiwepo mtu ndani.

Mlipuko ukisikika, hakuna anayesogea. Kiongozi wa kikosi ndiye anayekwenda kwanza na ndiye anayetoa neno kwamba kumemalizika. Hapo vijana hutaka kukimbilia vipande vingali vya moto, na shaba ile bado inakumbukwa. Wazuie. Vipande vina ncha kali kama wembe, na wakati mwingine kilipuzi hakiungui chote, bali hubaki vibonge vya manjano au vyeupe vilivyotapakaa kwenye nyasi. Ukiviona baada ya kikosi kuondoka, viwekee alama kama ulivyofanya mwanzo na upige simu ileile.

Shimo usilifukie siku hiyo kama hujaruhusiwa. Ukiruhusiwa, lifukie kwa jembe la mkono, kidogokidogo, na ng'ombe wapite hapo msimu ujao.